Mama anataka kuona majani mekundu, nina wikiendi moja tu: Nikko au kuna kwingine?

Dada_Omiya

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada hasa nyie mlioko Japani siku nyingi. Mama yangu anakuja kunitembelea mwisho wa Oktoba anakaa mpaka katikati ya Novemba, na tangu nimtumie zile picha za miti mekundu mwaka jana hana wimbo mwingine, kila nikipiga simu ni "hayo majani yatanisubiri kweli?" Mimi kazini ni Jumatatu mpaka Ijumaa, likizo nimeshaimaliza, kwa hiyo nina wikiendi moja tu ya maana, tarehe 8 na 9 Novemba, tunatoka Jumamosi asubuhi Jumapili usiku tuwe tumerudi.

Naishi Omiya, kaskazini ya Tokyo. Gari sina, leseni ya huku sina. Mama ana miaka 67, goti la kushoto linamsumbua, kutembea anatembea vizuri tu ila ngazi nyingi hapana, na ile kukaa chini kwenye mkeka halafu kuinuka ndio mtihani kabisa. Bajeti ni yen elfu 80 kwa wawili kila kitu ndani, nikijikamua 90.

Kazini kila ninayemuuliza ananijibu Nikko, ule mji wa mahekalu milimani. Nikko Nikko Nikko utadhani nchi nzima ina mti mmoja. Sina ubaya na Nikko ila mama mwenyewe ameshasema maghorofa kayaona, watu kawaona, anataka nimpeleke shamba. Sasa shamba bila gari mtu anafikaje? Na hizo tarehe majani yatakuwepo au ndio nitaenda kumuonyesha matawi? Natanguliza shukrani.

Mzee wa Kombini

Ya Nikko nikupe mimi maana ni muathirika.

Mwaka wangu wa pili huku tulijikusanya wanne tukaenda, Jumamosi, tena ile wikiendi iliyoungana na sikukuu ya tarehe 3 Novemba. Kutoka stesheni ya Tobu-Nikko mpaka ziwa Chuzenji basi ni kama dakika 50 siku za kawaida. Sisi ilikuwa saa tatu na ushee. Kuna barabara inaitwa Irohazaka, ina kona 48, kila kona wameipa herufi moja ya zile silabi zao za zamani, i, ro, ha, ndio jina lilipotoka, na ya kupandia ni peke yake na ya kushukia ni peke yake, kwa hiyo ukishaingia pale na foleni ikakaza hakuna cha kugeuza wala kushuka, unakaa unaitazama herufi ya kona yako mpaka unaiota. Mwenzetu mmoja alikuwa amekunywa chai chupa mbili stesheni. Sitaendelea.

Sasa sikia uchungu wenyewe. Tunafika juu, majani yamekwisha! Miti imebaki kama mafagio yaliyochoka. Ndio naambiwa kwamba ziwa liko mita 1,269 kutoka usawa wa bahari, kule kilele chake ni katikati mpaka mwisho wa Oktoba, Novemba ikiingia rangi inakuwa imeshateremka zake chini mjini kwenye mahekalu. Yaani majani tuliyapita njiani tukiwa tumenuna ndani ya basi, tukaenda kulipia nauli ya kuona matawi. Maporomoko ya Kegon tuliyaona lakini, mita 97, hayo hayapukutiki.

Nikko ni pazuri, sibishi, na tarehe zako pale chini mjini rangi itakuwepo. Ila mahekalu ya pale ni ngazi juu ya ngazi, na Jumamosi ya Novemba utaona visogo vya watu zaidi ya majani. Mama kasema shamba bibie, mpeleke shamba.

kibonge_wa_Chiba

Naweka kambi hapa, na mimi nina wageni mwezi huo huo.

Mpanda Treni

Dada Omiya shikamoo nyingi kwa mama. Nakaa Koriyama mwaka wa sita, nitakwambia ninakokwenda mimi mwenyewe kila mwaka na sipati hata senti: Aizu, halafu ile reli ya Tadami. Iko mkoa wa Fukushima, upande wa milimani, mbali na bahari.

Kwanza tarehe. Watu wanauliza "wapi pazuri" wakati swali la kuuliza ni "mita ngapi". Huku rangi inaanza kaskazini na juu milimani halafu inateremka, kinyume na maua ya sakura yanayopanda kutoka kusini. Hokkaido kule kwenye milima ya Daisetsuzan Septemba tu wameshaanza, Kyoto mjini mpaka mwisho wa Novemba ndio wanawaka. Kwa hiyo una tarehe mkononi, tafuta kimo chake. Bonde la Tadami liko chini, mwanzoni mwa Novemba ndio wakati wake. Wiki moja kabla fungua zile tovuti za hali ya hewa wanaweka ripoti ya kila sehemu, ukiona "irozuki hajime" ndio kwanza inageuka, "migoro" ndio yenyewe sasa, wakiandika "ochiba" tafuta kwingine, yako chini.

Pili, kufika. Shinkansen, ile treni ya kasi, kutoka Omiya mpaka Koriyama haifiki saa moja na nusu, tena wewe Omiya uko njiani kabisa, Tokyo ndio wanakuja kwako. Koriyama unahamia reli ya Ban'etsu ya magharibi, saa moja na kidogo mpaka Aizu-Wakamatsu. Hapo njiani muweke mama dirisha la kulia, utapita mlima Bandai. Ule mlima ulilipuka 1888 ubavu mmoja ukaporomoka, ndio yakazaliwa mabwawa yale ya rangi rangi upande wa nyuma.

Wakamatsu ni mji, sio kijiji, lakini hauna makeke. Kuna ngome ya Tsuruga. Nikuambie ukweli lile jengo ni la zege la 1965, la zamani walilibomoa baada ya vita vya 1868, ila uwanja wake ni tambarare, miti ni mingi, na vigae vya paa walivirudisha rangi nyekundu mwaka 2011 kama enzi zake, kwa hiyo majani na paa vinafanana. Goti la mama halitalalamika kama hamtapanda juu.

Jumapili ndio Tadami yenyewe. Hii reli mvua ya Julai 2011 ilisomba madaraja, kipande cha Aizu-Kawaguchi mpaka Tadami kikafungwa miaka 11, wakawa wanabishana waweke mabasi tu yaishe, mwisho mkoa ukachukua njia na madaraja iwe mali yake, JR, kampuni ya reli, wanaendesha treni juu yake, ikafunguliwa tena 1 Oktoba 2022. Ni treni ya dizeli, behewa moja au mawili. Inatembea pembeni ya mto, inavuka mto, inavuka tena, na mto umetulia sababu ya mabwawa ya umeme, kwa hiyo ule mlima mwekundu unaouona juu unauona na chini kichwa chini miguu juu.

Halafu jambo ambalo watu hawaambiwi. Ile picha maarufu, daraja la upinde na treni juu yake, HUWEZI kuiona ukiwa ndani ya treni, maana wewe ndio uko kwenye picha. Inapigwa kutoka kilimani karibu na kituo cha mapumziko cha barabarani, michi no eki ya Mishimajuku, na pale sio karibu na stesheni. Shuka Aizu-Miyashita, teksi uwe umeiagiza siku moja kabla, usifike ukategemea kuona moja imepaki. Kutoka kituoni kuna njia ya ngazi ina vituo vya kutazamia, cha chini kinatosha kabisa, vya juu waachie wenye kamera ndefu. Muda wa treni kupita darajani wanaubandika pale pale.

Na ratiba uiheshimu. Hii sio treni ya mjini kama Saikyo kwamba ukiikosa unasubiri dakika chache. Kile kipande cha Kawaguchi mpaka Tadami ni treni tatu kwenda tatu kurudi kwa siku nzima. Ukishuka mahali ujue unapanda saa ngapi, kabla hujashuka. Stesheni ndogo hazina geti, hazina mtu. Unaingia mlango wa nyuma unachukua kikaratasi chenye namba, ukishuka unamuonyesha dereva unadumbukiza hela kwenye kisanduku, kwa hiyo tembea na sarafu na noti za elfu moja moja. Wikiendi za msimu treni inajaa, nenda panga foleni Wakamatsu nusu saa kabla mama apate kiti.

Dada_Omiya

Mpanda Treni umenimaliza, Mungu akubariki. Nimefungua ramani hapa naona kuna na kijiji cha nyumba za nyasi kinaitwa Ouchi-juku, naweza kukichomeka Jumamosi? Na kulala nilale wapi, haya mambo ya ryokan, nyumba za wageni za Kijapani, sijawahi mimi nalalaga hoteli za biashara tu. Mama kulala chini ataweza ila kuinuka asubuhi ndio tutaitana.

Mpanda Treni

Ouchi-juku unaweza, ila utakuwa umekimbia siku nzima. Ni reli ya Aizu mpaka Yunokami Onsen, stesheni yenyewe ina paa la nyasi na kidimbwi cha maji ya moto cha kuchovya miguu, halafu basi dogo la msimu. Kijiji ni mtaa mmoja mpana wa vumbi, pande zote nyumba za nyasi, watu wanakula tambi za soba kwa kutumia tunguu la majani badala ya vijiti, unachota unang'ata unachota unang'ata. Pazuri. Lakini ile sehemu ya juu ya kupigia picha ni ngazi za mawe zimesimama kama ukuta, na siku hizo barabara inajaa mabasi ya watalii. Chagua kimoja. Mimi na mzee wa miaka 67 ningechagua ngome na kulala mapema.

Ummu Salha

Assalaam alaykum dada. Mimi niliwapeleka wakwe zangu mwaka juzi kwa hiyo nakwambia ya ndani ya ryokan.

Chumba omba "wayoshitsu", kina mikeka lakini na vitanda. Wanacho wengi siku hizi sababu wazee wao wenyewe magoti yamechoka. Na chakula uliza kama kuna meza na viti, usione haya, andika kabisa kwenye oda kwamba mama ana goti.

Kuoga sasa. Mama yako kama ni mama wa kwetu hatavua nguo mbele ya watu na onsen, bafu la chemchemi ya moto, hakuna kuingia na nguo ya kuogelea, kwa hiyo tafuta penye bafu la kukodi faragha, wanaita "kashikiri" au "kazoku buro", mnapewa ufunguo dakika 45 au 50 mko peke yenu. Mkwe wangu alikataa katakata siku ya kwanza, siku ya pili alikuwa ananikumbusha muda. Mnajisugua kwanza nje kwenye kigoda mpaka povu liishe ndio mnaingia, yale maji ni ya kukaa tu.

Chakula cha jioni ni saa kumi na mbili, ikizidi sana saa moja, na wakisema saa kumi na mbili ni kumi na mbili. Sisi tulichelewa treni tukafika saa mbili usiku, jiko limefungwa, hela tumeshalipa, tukala onigiri, vile vidonge vya wali, za kombini, duka dogo la mtaani, kwenye chumba cha yen elfu 30. Kosa letu wenyewe. Ukichelewa piga simu mapema.

Kama mnatazama halali basi uwaeleze wiki moja kabla, sio siku ile. Usiseme tu hatuli nguruwe, maana nguruwe ataondoka lakini mirin na sake, pombe za mchele, zimo kwenye mchuzi wa karibu kila kitu, hata ule wa kuchovya soba. Waandikie orodha kwa Kijapani. Wengine watakwambia hatuwezi, hiyo ni bora kuliko anayekubali halafu hajui. Sisi tuliishia kuagiza samaki wa kuchoma kwa chumvi na wali na mboga na mayai, tulikula vizuri tu.

Mzee wa Kombini

Naongezea: yukata, lile joho jepesi la ryokan, mkivaa, upande wa kushoto uje juu ya wa kulia. Ukigeuza umevaa kama maiti, sio utani, ndivyo wanavyowavisha.

jamaa_wa_Nagoya

Kwa wanaosoma wakiwa upande wetu huku, bonde la Kiso. Njia ya zamani kati ya Magome na Tsumago ni kilomita 8 hivi za miguu msituni, saa tatu taratibu, katikati ya Novemba hivi inapendeza. Sio ya mama mwenye goti. Njiani kuna kengele zimening'inizwa upige ukipita, za dubu.

Na hilo la dubu lisichukuliwe mchezo jamani. Vuli ndio wanakula kujaza mafuta kabla ya kulala, mbegu za miti ya msituni zikiwa haba wanateremka mpaka majumbani, na Aizu wapo. Kengele ndogo inauzwa popote penye vifaa vya kupanda mlima, funga kwenye begi. Mkiona tangazo njia imefungwa ni imefungwa, msiseme tunaingia kidogo tu.

Dada_Omiya

Dubu tena!! Mama hilo simwambii.

fundi_misitu

Mimi nasoma mambo ya misitu huku, naomba dakika zenu maana mama atauliza na wewe utakosa jibu.

Ile njano haiji, ilikuwepo tangu mwanzo. Jani lina rangi ya njano ndani yake msimu mzima ila kijani kimeifunika, baridi ikija na mchana ukifupika mti unavunja kile kijani unarudisha mali yake shinani, njano inabaki uwanjani. Mti wa icho, ule wenye majani kama kipepeo, ndio hivyo. Nyekundu ni habari nyingine, hiyo inatengenezwa upya. Mti unaanza kuziba shingo ya jani ili liachie, sukari iliyotengenezwa mchana inakwama ndani haina pa kwenda, na jua likiwaka inageuzwa kuwa wekundu. Ndio maana mwaka wenye mchana wa jua na usiku wa baridi bila barafu kali rangi inakuwa ya kutisha, na mwaka wa mawingu na joto mnapata kahawia kama chai ya jana. Wanasema usiku ukishuka chini ya nyuzi 8 hivi ndio mambo yanaanza. Na kila mita 100 unazopanda joto linapungua karibu nyuzi 0.6, ndio siri ya Mpanda Treni ya "mita ngapi".

Ndio maana pia usiende na kichwa cha "kilele". Mti mmoja juu una rangi, chini bado kijani, huo ndio mtamu kuutazama kwa maoni yangu, ukishakuwa mwekundu wote ni kama umepakwa rangi ya kucha.

Wenyewe kwenda kuangalia wanasema momijigari, yaani kuwinda momiji, majani mekundu. Kuwinda kitu ambacho hakikimbii.

kibonge_wa_Chiba

Hahaha kinakimbia, muulize Mzee wa Kombini.

Mpanda Treni

Nilisahau nguo. Asubuhi Aizu mwanzoni mwa Novemba ni nyuzi 3 au 4. Mnunulie mama zile kairo za kubandika, vifuko vya joto, kombini au duka la dawa, moja mgongoni moja tumboni juu ya fulana, asibandike kwenye ngozi. Jua linazama kwenye saa kumi na dakika arobaini jioni na bondeni linapotea mapema zaidi, saa tisa tu mlima umeshaweka kivuli. Mambo yote ya kutazama yaishe mchana.

Dada_Omiya

Wakuu nimerudi na ripoti, samahani nimechelewa, mama ameondoka juzi ndio napata nafasi ya kukaa.

Jumamosi mvua. Sio ya kunyesha, ile ya kulowanisha tu. Mama dirisha la kulia kama nilivyoambiwa, Bandai haikuonekana hata unyayo, wingu tupu, akaniuliza "mlima uko wapi?" nikamwambia upo nyuma ya hayo mawingu. Ngome tulizunguka na miavuli, na niwaambie kitu, majani yakilowa yanakolea, yale yaliyodondoka kwenye mawe meusi yalikuwa yanang'aa kuliko yaliyo mtini. Picha nzuri zote nilizonazo ni za chini.

Ryokan tulilala Higashiyama Onsen, basi dogo tu kutoka mjini. Chumba cha vitanda nilipata, elfu 17 kwa kila mmoja na milo miwili. Yukata mama aliifunga kama kanga, upande wa kulia juu, yule mama mhudumu akashtuka akaja mbio kumfungua mwenyewe akamfunga upya huku anaomba radhi mara kumi. Nilivyomwambia mama sababu alicheka mpaka akakaa chini. Chakula kikaja, vibakuli vidogo vidogo, akavihesabu: kumi na nne. Hakuniuliza kuna nini ndani, kaniuliza "hivi vyote ataviosha nani?" Bafu la faragha alisema haendi, akaenda, asubuhi saa kumi na mbili ananiamsha kama kuna nafasi tena. Ummu Salha nilikukumbuka.

Jumapili mawingu yakafunguka. Tulipanga foleni dakika 40, tukapata kiti, na kwa kweli sina maneno ya ile treni. Inaenda polepole, kuna mahali dereva anapunguza mwendo kabisa darajani watu watazame, behewa zima kimya, halafu mlima mzima uko ndani ya maji. Mama hakusema kitu stesheni tatu nzima, na mama yangu sio mtu wa kunyamaza.

Miyashita teksi ilikuwa inatusubiri. Kile kituo cha chini cha kutazamia alifika, tumepumzika mara mbili, nilimshika mkono. Watu kama thelathini na kamera zao wamejipanga, mzee mmoja akasogeza ngazi yake ndogo mama apate pa kukaa. Tumesubiri dakika ishirini na tano, treni ikatokea, ikavuka, ikaingia mlimani, yaani umeshahema mara tatu imeisha. Nimerekodi kidole changu. Mama anasema kaiona yote, na kwamba mimi nilikuwa naangalia simu, ambayo ni kweli.

Gharama jumla elfu 88 na kidogo, iliyouma ni shinkansen.

Sasa kilichobaki. Treni ya kurudi ilikuwa baada ya saa moja na nusu, dereva wa teksi katushusha stesheni, hakuna duka, hakuna mtu, ila nje kuna bibi mmoja anafagia majani kwa ufagio wa vijiti. Mama akamtazama. Nikamuona kabisa anavyomtazama. Akaniambia yule bibi anafagia vibaya, anakwenda kinyume na upepo, kazi haitaisha. Nikamwambia mama tulia. Nimeenda chooni narudi nakuta mama ana ufagio wa pili, sijui kaupataje, kainama anafagia, goti sijui liko wapi, na yule bibi kasimama anacheka na mkono mdomoni, mmoja anaongea chake na mwingine chake, na wanajibizana! Wamefagia pale mbele pote, wakayalundika pembeni lundo la kufika magotini, jekundu na njano. Bibi akaingia ndani akatuletea matunda ya persimoni sita kwenye mfuko wa karatasi.

Nauli ya watu wawili, usiku wa ryokan, kwenda kuangalia majani, mama kaishia kuyafagia. Treni ilipoingia upepo ukapita kwenye lile lundo, nikamvuta mkono kabla hajarudi kuchukua ufagio.

Mzee wa Kombini

Mama apewe shikamoo yake akifika salama. Angekuwepo kwenye kona zangu 48 angeshuka na kufagia njia basi lipite.